Tuache kusema "majani tu"

Maneno ya kikundi cha jiko mbele ya mkutano wa wanamemba, Goma



Komite ilituomba tuzungumze juu ya chakula kisicho na nyama: majani, maharagi, matunda tuliyoyazoea na yale tusiyoyazoea, na namna ya kuweka mapishi yetu mahali yasipotee. Habari hiyo iliposikika, wengine walicheka. Walisema: "Mutatufundisha kula bila nyama? Si njo vile tunakula kila siku?" Wamesema kweli. Kuna nchi ambako mtu anakaa chini, anafikiri, halafu anaamua kuacha nyama. Na hapa hapa Kivu tuko na ndugu zetu Waadventista wa Sabato, ambao kanisa lao linawashauri tangu zamani kupendelea mboga, nafaka na matunda. Lakini wengi wetu hatukuiacha nyama. Nyama ndiyo ilituacha. Mbuzi waliuzwa njiani kwa bei ya hasara, kuku walibaki nyuma, na aliyekuwa na ng'ombe Masisi leo hana hata kamba yake.

Kwa hiyo hatukuja kumfundisha mtu kufunga. Tumekuja kusema hivi: chakula tulicho nacho kinaweza kutusimamisha, kama tunakijua vizuri. Na ujuzi huo unatutoka mikononi haraka kuliko tunavyofikiri.

Neno dogo linalotuharibia

Muulize mama yeyote wa kwetu: "Leo munakula nini?" Atatazama chini, atajibu: "Sombe tu." Au: "Lenga-lenga tu." Au: "Maharagi tu." Hilo neno "tu" ni dogo, lakini lina kazi mbaya. Linasema kwamba chakula hicho ni cha mtu aliyeshindwa. Mtoto analisikia kila jioni, na akikua kidogo anaona haya kula majani mbele ya rafiki zake.

Tumeona haya hiyo inavyofanya kazi. Familia iko na mti wa avoka nyuma ya nyumba. Avoka zinauzwa zote barabarani kwa bei ya chini, na pesa zinanunua biskuti na sukari kwa sababu mtoto analia. Familia nyingine inavuna maharagi, inayauza mapema yote, halafu mwezi unaofuata inanunua unga wa mahindi peke yake. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mmoja anamtafutia mtoto wake chakula "cha heshima". Lakini avoka ina mafuta ambayo mtoto anayahitaji, na maharagi ndiyo nyama ya yule asiye na nyama. Tunauza chakula, tunanunua utamu.

Ndiyo maana tunaomba, kabla ya mbegu na kabla ya daftari, kwamba hilo "tu" litoke midomoni mwetu. Mtu akikuuliza, sema: "Leo tuko na sombe." Simama hapo.

Watoto wasiojua majani

Wengi wetu tuliishi ndani ya makambi pembeni ya Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Wengine waliingia mwaka 2022, wengine baadaye. Tulikula kile kilicholetwa: unga, maharagi, mafuta na chumvi, siku vilipoletwa. Juu ya mawe ya volkano hakuna shamba. Halafu Januari na Februari 2025 makambi yakavunjwa, na watu wakashika njia: Sake, Masisi, Rutshuru, Nyiragongo. Wengine walikuta nyumba, wengine walikuta msingi wa nyumba. Shamba lilikuwa pori.

Sasa fikirini mtoto aliyeingia kambini akiwa na miaka saba. Leo ana kumi au zaidi. Huo ndio umri ambao sisi tulitumwa na babu zetu shambani: "Chuma isogi pale, chuma majani ya boga kule, lile usiguse." Mtoto huyu hakutumwa popote. Anajua foleni ya maji na karatasi ya chakula, lakini hajui isogi. Akiona jani, hawezi kusema kama ni mboga au ni sumu. Na wazee wengi waliokuwa wanajua, tuliwazika kambini.

Wafadhili wetu, hilo ndilo tunalotaka mlielewe. Tuliporudi hatukukosa mbegu na jembe peke yake. Tulikosa pia mwalimu.

Jani moja, majina mengi

Lakini kuna jambo jema ndani ya taabu hii. Tuliorudi hatukutoka mahali pamoja. Wengine tulikuwa hapa hapa Goma. Wengine tulikuwa Uganda, Nakivale, Kyangwali au Rwamwanja, ile iliyofunguliwa tena kwa ajili ya Wakongomani mwaka 2012. Wengine tulikaa Tanzania, Nyarugusu, na wengine Rwanda. Kila mmoja amerudi na namna yake ya kupika.

Siku za kwanza tulipopika pamoja, tulibishana kwa sababu ya majina. Mmoja anasema kisamvu, mwingine pondu, mwingine isombe. Kumbe wote wanazungumza juu ya majani ya muhogo, sombe yetu. Lenga-lenga huitwa mchicha kule Tanzania, dodo kule Uganda, bitekuteku kule Kinshasa. Majani ya viazi vitamu ni matembele. Majani ya boga wengi wetu tunayaita bisusa. Tukaona kwamba tuko na vitu vilevile, lakini kila nchi imeongeza akili yake.

Waliotoka Uganda walituonyesha mchuzi mzito wa karanga, ule wanaouita binyebwa, na katogo: ndizi na maharagi ndani ya chungu kimoja. Waliotoka Tanzania walituletea makande, mahindi na maharagi yanayoiva pamoja. Wao walizoea kutia nazi. Hapa nazi hatuna, tukatia karanga, ikakubali. Angalieni faida yake: chungu kimoja, moto mmoja. Kwa namna bei ya makala iko juu, mapishi ya chungu kimoja ni pesa zinazobaki mfukoni.

Yale tunayopaswa kuyajua vizuri

Hapa tutakwenda polepole, kwa sababu ni mambo ya uzima.

La kwanza, sombe. Jani la muhogo na muhogo mchungu vina sumu ya sianidi. Bibi zetu hawakujua jina hilo, lakini walijua dawa yake: kutwanga. Jani likitwangwa vizuri mpaka likawa laini, sumu inafunguka na kutoka. Halafu linachemshwa kwa maji mengi, bila kifuniko, ili mvuke uondoke nayo. Anayekatakata sombe kwa kisu tu na kuifunika haraka kwa kuhurumia makala, anabakisha hatari chunguni. Mawese, karanga na chumvi vinakuja mwisho.

La pili, muhogo mchungu wenyewe. Unamenywa, unalala majini siku tatu au zaidi mpaka ulainike, halafu unaanikwa juani. Wakati wa njaa na wa kukimbia, watu wanafupisha siku hizo. Hapo unakuja ugonjwa unaoitwa konzo: miguu inapooza kwa ghafula, na haiponi. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi ya nchi yetu. Unawashika zaidi watoto na wanawake, hasa pale ambapo watu wanakula muhogo peke yake bila maharagi, karanga, samaki wala maziwa. Kwa hiyo tukimwambia mtu "weka maharagi pembeni ya bugali ya muhogo", tunazungumza juu ya miguu ya mtoto wake.

La tatu, maharagi. Yalaze majini usiku mzima, na asubuhi mwaga maji hayo. Yanaiva haraka zaidi, na tumbo halijai upepo. Chumvi na nyanya zingoje mpaka yawe laini. Majani machanga ya maharagi, mushogoro, ni mboga nzuri pia, lakini usichume yote kwenye mti mmoja, la sivyo hutavuna kitu.

La nne, lenga-lenga. Huu ndio mmea wa mtu aliyerudi jana. Maharagi yatakungojesha karibu miezi mitatu. Muhogo utakungojesha mwaka. Lenga-lenga inaanza kuliwa baada ya wiki tatu au nne. Mbegu zake ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzitupe, zisianguke mahali pamoja. Ukikata juu na kuacha shina, inachipua tena. Na hata wewe unayekaa Goma juu ya mawe, gunia moja la udongo mbele ya nyumba linaweza kukupa mboga. Ipike muda mfupi, na mchuzi wake usimwage, kwa maana nguvu iko humo.

La tano, mbegu za boga. Watoto wanazitupa. Kausha, kaanga kidogo, ondoa ganda, twanga. Huko Kinshasa wanaziita mbika, na ni mchuzi wa karamu. Majani yake, bisusa, yavue nyuzi zile zenye manyoya kabla ya kupika.

La sita, soja. Soja mbichi inasumbua tumbo, kwa hiyo lazima ikaangwe au ichemshwe vizuri. Ikisagwa pamoja na mahindi na mtama inatoa uji mzuri wa watoto, ule ambao wengine wanauita masoso.

Na isogi, jani la wazee, ni chungu. Ukilichemsha na kulilaza ndani ya maziwa, au kulipika na karanga, uchungu unapungua. Mtoto akionja hivyo mara tatu, mara ya nne ataomba mwenyewe.

Tunda si la mgonjwa peke yake

Kwetu wengi tunafikiri kwamba tunda ni la kumpelekea mgonjwa hospitalini, au la kumnyamazisha mtoto. Tubadilishe fikira hiyo, hasa sisi tunaokula majani na maharagi. Majani na maharagi yana chuma, kitu kinachotengeneza damu. Lakini chuma cha mimea ni kigumu kuingia mwilini. Kinahitaji kusukumwa, na msukumaji wake ni uchachu wa matunda: ndimu, chungwa, pera, maracuja. Kamua ndimu juu ya mboga, au kula pera baada ya maharagi. Chai nayo inafunga mlango, kwa hiyo usiinywe pamoja na chakula. Ingoje saa moja hivi. Kwa mama mwenye mimba, mambo haya mawili yana maana kubwa, na hayagharimu karibu kitu.

Vivyo hivyo mafuta. Kijiko cha mawese mekundu kinaleta vitamini A, na kinasaidia ile ya majani kuingia mwilini. Mawese usiyachome mpaka yawe meupe. Ukiyachoma hivyo, umechoma dawa.

Sasa matunda tusiyoyazoea. Tuanze na fenesi. Waliokaa Uganda wanalijua, waliobaki hapa wanaliangalia kama mnyama wa porini: kubwa, lina miiba miiba, lina utomvu unaonata. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kulipasua. Nyama yake ya njano ni tamu. Mbegu zake usitupe, zichemshe au zichome, ladha yake inakaribia viazi. Tunda likiwa bado bichi na dogo linapikwa kama mboga. Kama umeleta mbegu ukitaka kupanda, usizikaushe na kuziweka miezi. Zinakufa. Zipande haraka. Na ujue kwamba fenesi inapenda joto: tambarare ya Rutshuru itaifaa kuliko baridi ya Kibumba.

Prune. Tunda hili jekundu, lenye umbo la yai, linajulikana Goma, lakini wengi hawalipandi. Wengine wanaliita prune ya Japani, lakini halikutoka Japani. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, na ndiyo maana linapenda milima yetu ya Masisi. Mti wake unaanza kuzaa karibu na mwaka wa pili. Ganda ni chungu: kata katikati, kula kwa kijiko. Wengine wanalipika na kitunguu na pilipili kama nyanya, na wali au viazi vinashuka vizuri.

Kuna pia kale katunda kadogo ka njano kanakokua ndani ya ganda kama la karatasi, kanaota chenyewe pembeni ya mashamba. Watoto wanakajua kuliko sisi. Kanafaa kikiwa cha njano kabisa na ganda limekauka. Kikiwa kijani, wakatazeni, kinaumiza.

Maracuja inapanda juu ya ua na haidai shamba. Mananasi ya Idjwi yanafika Kituku kwa mitumbwi. Siku yanapokuwa mengi na bei imeanguka, tunaweza kununua pamoja, kukata vipande vyembamba na kuvikausha juani, chini ya chandarua safi.

Anayeogopa kitu kigeni, tumkumbushe jambo hili. Maharagi, mahindi, muhogo, viazi, nyanya, karanga, avoka, papai, nanasi, vyote asili yake ni Amerika. Babu wa babu zetu walivionja siku ya kwanza kwa mashaka. Hata sambaza wa ziwa Kivu hakuwa wa hapa: aliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Leo nani atasema sambaza si ya kwetu? Chakula kinakuwa cha kwetu siku tunapojua kukipika.

Tusidanganyane

Hatusemi kwamba nyama ni mbaya, wala kwamba majani yanatosha kwa kila jambo. Kuna vitamini moja, B12, ambayo mimea haina. Inapatikana kwenye maziwa, mayai, samaki, nyama. Kwa hiyo anayepata kipande cha fromaji la Masisi, yai moja, au sambaza kidogo, ampe kwanza mtoto na mama mwenye mimba au anayenyonyesha, si baba wala mgeni. Bababa, mmetusikia.

Na mtoto aliyevimba miguu, au aliyekonda mpaka utepe wa mkono unaonyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, huyo si wa kutibiwa kwa lenga-lenga. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Jiko letu ni la kuzuia watoto wasifike hapo. Mafundisho ya lishe yanayotolewa vituoni, yale ya PRONANUT ya vyakula vya kujenga mwili, vya kuulinda na vya kuutia nguvu, ndiyo tunayoyafuata. Sisi tunatafuta tu namna ya kuyajaza kwa kile kilichoko sokoni Virunga na shambani kwetu.

Daftari la mapishi

Tumefika kwenye kazi yenyewe. Mapishi yetu yako wapi leo? Yako kwenye vichwa vya wazee, kwenye sauti zinazotumwa kwa simu, kwenye mafundisho ya vituo vya afya, kwenye vitabu vya nchi nyingine vinavyotaka vitu ambavyo hatuvioni sokoni. Simu ikiibwa, sauti zimekwenda. Mzee akifa, amekwenda nayo. Ndiyo maana tumefungua daftari moja la chama, na tunaomba kila kikundi kifungue lake.

Kila pishi linaandikwa namna moja. Jina, pamoja na majina mengine ya lugha zetu. Nani alitufundisha, na wapi alijifunza. Kipimo cha kikombe cha chai na kijiko, kwa maana mizani hatuna. Muda juu ya mbabula. Kitu gani kinaweza kushika nafasi ya kingine. Na hatari yake, kama iko. Kwa majani ya porini tuko na sheria: hakuna jani linaloingia daftarini mpaka wazee wawili wa eneo moja wamelikubali, kila mmoja peke yake, na jani lenyewe limekaushwa na kubandikwa kwenye ukurasa. Wazee wakitofautiana, linangoja.

Wengi wetu hatusomi. Kwa hao daftari linasomwa kwa sauti jikoni, na mtoto wa shule ndiye msomaji. Hivyo mtoto anajifunza isogi, na bibi anasikia maneno yake mwenyewe yakirudi. Wazee wawili wamekwisha kusahihisha kurasa kwa njia hiyo.

Hili hapa ni pishi moja kutoka daftarini, ili kila mmoja aende nalo nyumbani.

Katogo ya maharagi na ndizi, kwa watu sita. Tumefundishwa na bamama waliorudi kutoka Uganda.

Vinavyohitajika: vikombe vitatu vya maharagi yaliyolala majini, ndizi za kupika kumi na mbili, kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kusagwa, kitunguu kimoja, nyanya tatu, mafungu mawili ya lenga-lenga, vijiko viwili vya mawese, chumvi, ndimu moja.

Chemsha maharagi ndani ya maji mapya mpaka yakaribie kuiva. Menya ndizi, zitie humo. Zikianza kulainika, tia kitunguu, nyanya na chumvi. Koroga karanga ndani ya maji ya vuguvugu, mimina polepole, punguza moto. Kuanzia hapo usiende kuzungumza na jirani, karanga zinashika chini ya chungu. Tia lenga-lenga iliyokatwa na mawese, ngoja dakika tano, toa motoni. Kamua ndimu kwenye sahani. Pasipo ndizi, tia viazi. Pasipo karanga, tia mbegu za boga zilizotwangwa.

Tunachoomba

Kwenu wanamemba. Kila familia ilete pishi moja na mbegu za aina moja kabla ya kupanda kwa mwezi wa Septemba. Mbegu ya lenga-lenga inayojaa kiganja inatosha majirani wengi. Kila aliyerudi na tunda la nchi nyingine atueleze wazi kwamba linakua wapi na linaliwaje. Na kila mzee anayejua majani tutamtembelea. Asipoweza kutembea, tutaleta majani kitandani kwake.

Kwenu wafadhili. Unga mlioleta ulituokoa, hatutausahau. Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwanzo wa mwaka 2025, tunajua hata kufikisha msaada kumewapa ninyi shida. Lakini mkituuliza leo kitu gani kinadumu, tutajibu: mbegu za mboga na za soja, vinu, mbabula zinazokula makala kidogo, mashine ndogo ya kusaga karanga kwa kila kikundi, na karatasi ya kuchapa daftari likiwa na michoro ya majani. Mkileta mbegu, mtuulize kwanza ni zipi. Mboga tusiyoijua, bila pishi lake, inageuka chakula cha mbuzi, na mbuzi hatuna.

Na mkija kututembelea, tafadhali, msituhurumie mkiona sahani yetu haina nyama. Kaeni, muonje. Tutawaeleza ni jani gani, limetoka shamba gani, na nani alitufundisha.

 Chungu kiko nyuma ya ukumbi. Leo tuko na sombe.